Daftari ndani ya Maya: lile neno "tank" lilitoka wapi?

Leo tunaacha kidogo habari za simu na seva, tuingie jikoni kwa watengenezaji wa vibonzo na madoido ya filamu.

Ukisoma maelekezo ya kuunganisha programu ya kufuatilia kazi na Maya au Nuke, karibu yote huanza katikati: pakua hiki, weka kile, andika import hii. Baada ya dakika kumi unakutana na neno tank. Liko kwenye jina la folda, liko kwenye amri, liko kwenye vigeu vya mazingira, na hakuna anayekwambia limetoka wapi. Mimi nikiona jina lisilo na maelezo ndani ya msimbo, usingizi hunitoka. Nikalifuata nyuma, na huko nikakuta kisa kinachoeleza kwa nini mitambo hii imejengwa ilivyojengwa. Ukikijua, kazi ya kuanza inakuwa nyepesi.

Kwanza tuelewane maneno. Filamu hugawanywa kwa shoti, yaani kipande cha picha kuanzia mkato mmoja hadi mkato unaofuata. Toy Story ya 1995 ilikuwa na shoti zaidi ya 1,500. Kila shoti hupita mikono mingi: kuna anayepanga kamera, anayehuisha, anayeweka taa, anayeunganisha tabaka za picha. Wote hao hufanya kazi katika programu za uundaji kama Maya, Houdini, Nuke, Photoshop na Blender. Pembeni kuna daftari la kielektroniki linalosema shoti gani iko kwa nani, imefika toleo la ngapi, imekubaliwa au bado. Kuunganisha viwili hivi maana yake ni kwamba mhuishaji haondoki ndani ya Maya kwenda kujaza daftari. Daftari linajijaza anapofanya kazi.

Jambo linaonekana dogo. Lilichukua takriban miaka ishirini kupatikana.

Ajabu ni kwamba enzi za karatasi tatizo hili halikuwepo. Katika studio ya Disney ya miaka ya 1930, wakati wa Snow White and the Seven Dwarfs (1937), michoro ya sehemu moja ya filamu ilisafiri pamoja, kutoka idara hadi idara. Ndani ya furushi hilo mlikuwa na karatasi ndefu ya mistari, kila mstari fremu moja, ikieleza fremu hii itumie mchoro upi, kamera isogee vipi, mdomo utamke sauti gani. Aliyepokea michoro alipokea na maelezo yake. Kupoteza kimoja bila kingine kulihitaji juhudi!

Kompyuta ilipoingia, kazi ikahamia kwenye diski na maelezo yakabaki kwingine: ubao ukutani, jedwali la Excel, hifadhidata ya FileMaker, kichwa cha mratibu. Mratibu huyo alizunguka meza kwa meza na karatasi mkononi akiuliza, "Umefika wapi?" Jibu aliloandika saa nne lilikuwa limechakaa kufikia saa sita. Ndipo likazaliwa lile balaa la majina ya faili ambalo hata wewe unalo kwenye kompyuta yako: final, final2, final_kabisa, final_kabisa_hii_ndiyo.

Pengine umesikia kisa cha Toy Story 2. Mwaka 1998 mtu mmoja pale Pixar alitoa amri ya kufuta faili mahali pasipofaa, na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kutoweka mbele ya macho yao. Nakala za akiba zikaonekana ni mbovu. Aliyeokoa jahazi ni Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa kuwa alikuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua. Watu husimulia kisa hiki kufundisha habari za nakala za akiba, na ni sawa. Mimi navutiwa zaidi na kilichofuata. Nakala ya nyumbani haikuwa mpya kabisa, ikabidi watu wakae wakague faili kwa macho yao kujua ipi ndiyo sahihi. Hawa walikuwa mabingwa wa dunia wa kazi hii, na bado swali la "toleo lipi ndilo lenyewe?" likahitaji binadamu kufungua na kutazama.

Sasa, kwa nini hawakuandika tu programu ya kuunganisha? Waliandika. Studio kubwa zilikuwa na mafundi wao, na kila moja ilijijengea mtambo wake ambao haukutoka nje ya geti. Sokoni pia kulikuwa na majaribio. Kampuni ya NXN ya Munich, Ujerumani, iliuza alienbrain, iliyoingia ndani ya Maya, 3ds Max na Photoshop, na ilipendwa hasa na watengenezaji wa michezo ya kompyuta. Avid iliinunua NXN mwaka 2004. Lakini kikwazo kikubwa kilikuwa lugha. Maya ilipotoka mwaka 1998 ilikuja na lugha yake ya skripti, MEL. Houdini ilikuwa na hscript. 3ds Max ilikuwa na MAXScript. Nuke ilitumia Tcl. Ukitaka kitufe kimoja tu kinachofanya jambo lile lile katika programu nne, unaandika mara nne, kwa lugha nne, na kila moja ina namna yake ya kulalamika.

Kilichofungua mlango ni Python. Industrial Light & Magic walianza kuitumia mwaka 1996 kusukuma kazi zao za nyuma ya pazia, lakini hiyo ilikuwa nje ya programu za uundaji. Mabadiliko yenyewe yalikuja kwa mkupuo: Maya 8.5 ikaingiza Python ndani yake mwaka 2007, Houdini 9 mwaka huo huo, Nuke 5 mwaka 2008. Blender, ambayo ni programu huria tangu 2002, ilikuwa imeshaikumbatia mapema zaidi, kisha ikaandika upya kiolesura chake chote cha Python katika msururu wa 2.5 ulioanza kuonekana 2009. Python ikawa kama Kiswahili pale Gikomba: Mkamba, Mjaluo na Msomali kila mmoja ana lugha ya kwao, lakini bei wanapatana. Mwaka 2010 Maya 2011 ikaja na sura iliyojengwa kwa Qt, na Nuke nayo ilikuwa kwenye Qt. Hapo hata madirisha na vitufe ukaweza kuviandika mara moja na kuvionyesha kwingi.

Naona watu wakisimulia historia hii kana kwamba kampuni fulani ilipata wazo jipya. Wazo lilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni lugha moja ndani ya programu zote.

Kampuni yenyewe ilikuwa Shotgun Software ya Marekani, iliyoanzishwa 2006 na watu waliotoka kwenye kazi ya madoido ya filamu. Walichofanya tofauti ni kuweka daftari kwenye kivinjari na kuliwekea API, ili mtu yeyote mwenye Python aweze kuuliza: nipe shoti zote za sehemu hii ambazo bado hazijakubaliwa. Hapa Kenya wakati huo intaneti ya kimataifa ilipita kwenye setilaiti. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Daftari linalokaa kwenye seva ya ng'ambo, unalolifungua kila dakika kupitia setilaiti, lingekuwa mateso.

Halafu ndipo tunafika kwa tank. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Shotgun ilishirikiana na Dr. D Studios ya Sydney, studio iliyotengeneza Happy Feet Two (2011), kujenga mtambo wa kuliingiza daftari ndani ya zana za kazi. Mradi huo uliitwa Tank. Baadaye ukapewa jina rasmi la Shotgun Pipeline Toolkit. Mwaka 2014 Autodesk, ambao ndio wenye Maya, wakainunua Shotgun. Mwaka 2021 ikawa ShotGrid. Mwaka 2024 ikawa Flow Production Tracking. (Usichanganye na Flow ile filamu ya paka wa Latvia iliyoshinda Oscar mwaka 2025. Hiyo ilitengenezwa kwa Blender :-) ) Kote huko msimbo haukufuata mabango. Unaweza kuandika import sgtk, ambayo ni ufupisho wa jina la enzi za Shotgun, au import tank, na zote mbili zinakupeleka mahali pamoja. Wauzaji wanaweza kubadilisha nembo kwa siku moja, lakini jina la moduli ambalo studio kadha wa kadha zimeliandika kwenye skripti zao halibadilishwi bila kuvunja kazi za watu.

Hebu tuchungulie ndani, maana hapa ndipo anayeanza hupotea.

Mhuishaji habofyi tena ikoni ya Maya kwenye kompyuta yake. Anaifungulia kutoka kwenye daftari, akiwa amesimama kwenye kazi yake: filamu hii, shoti hii, idara hii. Kabla Maya haijaamka, kizinduzi huweka vigeu vya mazingira. Vya kale viliitwa TANK_ENGINE na TANK_CONTEXT, na ndani ya hicho cha pili kuna maelezo ya kazi iliyochaguliwa. Maya ina tabia yake ya tangu zamani: ikiamka hutafuta skripti iitwayo userSetup.py katika njia zake za Python na kuiendesha. Nuke hufanya hivyo kwa menu.py. Mtambo hujipenyeza hapo, husoma vile vigeu, huanzisha "injini" inayoijua programu husika, na menyu mpya hutokea juu. Hakuna uchawi. Ni mlango wa nyuma ambao wajenzi wa Maya waliuacha wazi makusudi, na mtu akapita akiwa na kikaratasi mfukoni kinachosema anakwenda chumba gani.

Jambo la pili ni violezo vya majina. Kuna faili ya mipangilio ambamo studio huandika mara moja kwamba kazi ya Maya inakaa chini ya folda ya sehemu, kisha ya shoti, kisha ya idara, na jina liishie na namba ya toleo kama v001. Baada ya hapo mhuishaji haandiki njia ya faili wala hachagui folda. Anabonyeza kuhifadhi, mtambo unajaza nafasi zilizo wazi. Nikiulizwa kipande kipi katika mtambo mzima ndicho kilicholeta nafuu kubwa, nitataja hiki, ingawa hakuna anayekitangaza kwa kuwa hakina picha nzuri. Kiolezo hicho ni mapatano kati ya watu. Idara ya taa inajua faili ya idara ya uhuishaji itakuwa wapi hata kabla haijatengenezwa.

La tatu ni kitufe cha Publish. Kuhifadhi ni jambo lako binafsi. Unaweza kuhifadhi takataka mara arobaini kwa siku. Publish ni kusema hadharani, "Hii wengine waitumie." Kitufe hukagua faili, hunakili mahali rasmi, huandika kumbukumbu kwenye daftari. Shotgun walitenganisha kumbukumbu mbili hapa: Version ni picha au video ya kutazamwa na kutolewa maoni, na PublishedFile ni faili ambayo mwenzako ataivuta aendelee nayo. Wanaoanza huzichanganya mara nyingi. Mkurugenzi anaitazama ya kwanza wala haigusi ya pili, na anayeweka taa anahitaji ya pili hata kama hana muda wa kuitazama ya kwanza.

Photoshop imekuwa mkaidi muda wote huu. Haina Python ndani yake. Suluhisho la Shotgun kwa Photoshop CC lilikuwa kuweka kidirisha cha HTML na JavaScript ndani ya Photoshop, kisha kukiunganisha kwa soketi na Python inayoendeshwa pembeni. Ukibonyeza kitufe, ujumbe unatoka nje ya Photoshop, unazunguka, unarudi. Inafanya kazi, lakini ukikuta kidirisha kimeganda, anza kuchunguza hiyo soketi kabla hujalaumu kitu kingine.

Habari ya gharama siwezi kuiruka. Daftari la Autodesk hulipiwa kwa kila mtumiaji, kwa dola, na kwa studio ya watu kumi hapa Nairobi hilo ni jambo la kukaa chini na kupiga hesabu. Ndiyo maana nilifurahi kukutana na Kitsu, ya CGWire kutoka Ufaransa. Ni programu huria: seva yake inaitwa Zou, na maktaba yake ya Python inaitwa Gazu. Blender Studio ya Amsterdam huitumia, na wametoa hadharani programu-jalizi yao inayoiingiza Kitsu ndani ya Blender. Unaweza kuisoma yote mstari kwa mstari, na hakuna shule kuliko hiyo.

Nilipewa kibarua cha aina hii na studio ndogo ya hapa mjini ambayo jina lake naliweka kapuni. Walikuwa wakiwalipa wahuishaji kwa shoti iliyokubaliwa, na kumbukumbu ya kukubaliwa ilikuwa jedwali la mtandaoni lililojazwa na mtu mmoja jioni. Mwisho wa mwezi kijana mmoja alikosa malipo ya shoti tatu. Shoti zilikuwa zimekubaliwa kikaoni, kila mtu alikumbuka, lakini mistari yake haikuwa imeguswa. Alisubiri mwezi mzima mwingine, na kodi ya nyumba haisubiri. Hapo ndipo nikaona kwamba daftari hili, ambalo vitabu hulieleza kama kifaa cha meneja, ni risiti ya mfanyakazi pia. Toleo la nne, shoti ya kumi na mbili, limetolewa na fulani siku fulani saa fulani: hilo haliwezi kusahaulika jioni.

Inanikumbusha mawakala wa M-Pesa miaka ile ya mwanzo baada ya 2007. Simu ilikuwa imeshaandika muamala, lakini bado ulitia sahihi kwenye daftari la karatasi. Tuliona ni usumbufu. Ila mteja alijua kwamba sahihi yake ipo mahali ambapo anaweza kuinyooshea kidole.

Tulipomaliza kuunganisha, tajiri akaniuliza swali nililokuwa nalitarajia: kwa kuwa sasa programu iko ndani ya Blender, je, haiwezi kuhesabu saa ambazo faili iko wazi? Inaweza. Kitaalamu ni mistari kumi hivi. Nilikataa kuiandika, na nikamweleza sababu. Faili hukaa wazi mtu akiwa kwenye chakula cha mchana. Mhuishaji mzuri huinuka, huigiza mwendo mbele ya kioo, huchora kwenye karatasi, na muda wote huo Blender haioni kitu. Ukianza kulipa kwa saa za faili kuwa wazi, utapata faili zilizo wazi nyingi sana. Kitsu ina sehemu ya kujaza saa ambayo mfanyakazi hujaza mwenyewe. Tukakubaliana kutumia hiyo. Sijui angeamua nini kama fundi angekuwa mtu mwingine.

Kama nawe unataka kuanza, usianze na mtambo mzima. Sakinisha Gazu, ingia kwenye seva ya majaribio, na andika skripti moja ndani ya Blender inayosoma jina la faili iliyo wazi, inaitafuta shoti yake kwenye daftari, na kuweka maoni ya mstari mmoja pamoja na picha ya skrini. Utagundua mara moja kwamba kusoma shoti kutoka kwenye jina la faili kunashindikana kwa nusu ya faili, kwa sababu kila mtu ameandika anavyojua. Basi kaeni mezani, wahuishaji wenyewe wakiwepo, muandike kiolezo cha majina kabla ya kuongeza mstari mwingine wa msimbo. Kwetu kikao hicho kilichukua mchana mzima. Ubishi mkubwa ulikuwa kama namba ya toleo iwe na tarakimu mbili au tatu. Zilishinda tatu.